Kupona kichaa cha mbwa dalili zikishaanza
Wapo waliopona kichaa cha mbwa dalili zikiwa zishaanza ila ni wachache mno, anayejulikana zaidi ni yule binti wa miaka 15 wa Wisconsin, Marekani, 2004, aling'atwa na popo na hakuchanjwa, madaktari wakamlaza usingizi wa dawa huku wanampa dawa za virusi, akatoka hai japo ilibidi ajifunze upya kutembea na kuongea. Ila msiichukulie kama tiba, wengi walifanyiwa hivyohivyo baadaye wakafa tu. Kinachookoa kweli ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kama dakika 15 hivi, halafu chanjo fasta kabla dalili hazijaanza, kidonda kikiwa kibaya wanaongeza na sindano ya kingamwili (kinga iliyo tayari ya kupambana na virusi) palepale kwenye kidonda.