Nilidhani ni sikio langu

Baba mkwe wangu ni Mpolandi wa Poznań. Kwa mwaka mzima matamshi yake yalikuwa yakiharibika, na mimi nikilaumu masikio yangu.

Kipolandi kina "sh" mbili: sz, ambapo ncha ya ulimi hurudi nyuma kidogo, na ś, ambapo ulimi huinuka katikati hadi karibu na kaakaa. Sisi wa Tanga tunayo moja. Kasa, pale unapolipia dukani, sikupata shida nayo. Lakini kasza, nafaka wanayoipika kama sisi wali, na Kasia, ambaye ni wifi yangu, kwangu lilikuwa neno moja. Ilinichukua miaka mitatu kuyatenganisha. Basi Jumapili moja mzee akauliza mezani, "Kasza gotowa?" Yaani, kasza iko tayari? Nikamjibu kwamba Kasia bado anavaa. Walicheka, nami nikacheka. Ikawa kichekesho cha nyumbani.

Kumbe ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha mwendo wa misuli. Mkono ulikuwa haujaanza kutetemeka, ila sauti ilishashuka, miisho ya maneno inamezwa, na s, sz na ś zimeanza kuwa kitu kimoja. Wenyewe huita dyzartria: neno analijua, ni misuli inayolitoa nusu. Isichanganywe na afazja, inayowapata wengi baada ya kiharusi, ambapo lugha yenyewe ndiyo huvurugika. Ukisikia mabadiliko kama hayo, sema. Hata kama wewe ndiye mgeni wa lugha.

Kule Poland kuna wataalamu wa usemi wanaoitwa neurologopeda, wanaowasaidia wenye maradhi ya ubongo. Wetu hakumwambia mzee atamke vizuri. Alimwambia apaze sauti. Mzee alidhani anapiga kelele, kumbe anaongea kawaida tu. Na akipaza, ulimi nao unafunguka. Siku hizi siulizi "nini?" mara kumi. Nasema tu, "Tato, głośniej," baba, kwa sauti zaidi.

Shemeji yangu, kwa nia njema, alimpa kitanza ndimi kinachojulikana nchi nzima: "W Szczebrzeszynie chrząszcz brzmi w trzcinie," mbawakawa anavuma kwenye matete huko Szczebrzeszyn. Mzee akajaribu mara mbili mbele ya wajukuu. Akaweka kijiko chini, hakusema neno tena mpaka usiku. Msimfanyie mgonjwa wenu hivyo.

Zima televisheni, kaa mbele yake aone uso wako, wala usimmalizie sentensi (mume wangu hili limemshinda hadi leo). Mambo mazito, ya benki na hospitali, tunayaongea dawa ikishashika. Ila matamshi yakiharibika ghafla, ndani ya dakika chache, hilo ni jingine: piga 112, namba ya dharura ya Poland, hapo hapo, huenda ni kiharusi.

Jumapili iliyopita aliuliza tena, "Kasza gotowa?" Sz niliisikia sawasawa. Nikakimbia jikoni, nikakuta imeshaanza kuungua.