Mama ana magoti: Himeji au Osaka?

Dada, umeuliza ngome ipi mchague kwenye ziara ya Japani, Himeji au Osaka, na mama anasumbuliwa na magoti. Mpeleke Osaka. Jengo lile lilijengwa upya kwa zege mwaka 1931 na lina lifti. Himeji ndiyo yenyewe hasa, ya mbao, ilikamilika 1609, na kwa uzuri sijaona ya kuifikia. Ila ngazi za ndani ni nyembamba, zimesimama karibu wima, na mnapanda na soksi, viatu mmevibeba kwenye mfuko. Hapo mama atalia.

Fushimi Inari, lile hekalu la mlimani kule Kyoto, msiilipie mtu: haina kiingilio, iko wazi usiku na mchana. Nendeni alfajiri, mama aishie matao mekundu ya chini, asipande mlima.