Mwisho wazi, au filamu ambayo haijaisha?

SWALI: Nimetengeneza filamu fupi ya dakika 15. Dada anaondoka nyumbani, kaka anamsubiri, na filamu inakwisha bila kuonyesha kama atarudi. Karibu kila niliyemwonyesha anasema haijaisha. Mbona waongozaji wakubwa wakifanya hivyo wanasifiwa?

JIBU: Kwa sababu mara nyingi huwa wameshaimaliza hadithi yenyewe. Kinachobaki bila jibu ni swali moja, tena silo lililoibeba filamu.

Chukua A Separation ya Asghar Farhadi (2011). Mwishoni wazazi wanaachana, na hakimu anamtaka binti yao achague kuishi na baba au mama. Wazazi wanatolewa nje, wanasubiri koridoni, majina ya washiriki yanaanza kupita. Jibu la binti hatulisikii. Lakini ndoa imeshavunjika mbele ya macho yetu, na kila mzazi tumeshamwona akiwa na haki na akiwa na kosa. Binti angetaja jina, mmoja angetoka mshindi, na filamu nzima ilikuwa inakataa kumpa yeyote ushindi.

Katika Inception (2010) nako, watu wanabishania kile kichezeo kinachozunguka mezani, yaani pia: ikianguka, mhusika mkuu Cobb yuko macho; isipoanguka, bado anaota. Wanasahau kwamba Cobb mwenyewe hakungoja kuona. Ameiacha, amewafuata wanawe. Badiliko lake limekamilika.

(Filamu inayokatwa ili kuuza sehemu ya pili ni habari nyingine, hiyo ni biashara.)

Kwako, mtazamaji amengoja dakika 15 kujua jambo moja, nawe umemnyima hilohilo. Hamisha uzito uende kwa kaka. Mpe uamuzi anaoufanya kwa mikono, kwa mfano akitoa kitanda cha dada chumbani. Hapo dada arudi asirudi, hadithi ya kaka imefika mwisho. Kisha pitia mswada utafute angalau dalili mbili za kurudi na mbili za kutorudi, zote ziwe zimeonekana kabla ya sini ya mwisho.

Kwenye uhariri, kinachoharibu zaidi ni muziki. Kinanda cha huzuni kikiingia, umeshatangaza kwamba harudi. Acha sauti za mazingira ziendelee. Shoti ya mwisho iachie sekunde kadhaa zaidi kuliko zilizotangulia, la sivyo mkato utadhaniwa ni hitilafu ya faili. Mwongozaji Truffaut, katika The 400 Blows (1959), aliigandisha picha kwenye uso wa kijana aliyetoroka: ataishia wapi, jibu hakuna, ila hakuna anayedhani filamu inaendelea.

Ukimaliza, tafuta watu sita hivi ambao hawajaiona, uwaulize mmojammoja. Usiulize "umeelewa?" Uliza: "Unadhani nini kinafuata, na umekiona wapi kwenye filamu?" Wote wakijibu sawa, mwisho wako umefungwa bila wewe kujua. Wakikisia bila kutaja sini yoyote, dalili hazitoshi, na hilo halirekebishwi kwa kukata shoti ya mwisho. Rudi katikati ya filamu. Wakitofautiana, kila mmoja akitaja alichokiona, usiguse kitu.