Alama za taimingi zimekaa sawa? Bado usipige stata

Kwa wewe unayeanza kufunga injini za dizeli: alama zilizo kwenye gia ni za kukuongoza wakati wa kufunga. Kama taimingi, yaani valvu kufunguka na kufunga kwa wakati unaopatana na pistoni, iko sawa au la, utaambiwa na pistoni na valvu zenyewe.

Krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) huzunguka mara mbili wakati kamshafti (shafti inayofungua valvu) inazunguka mara moja, kwa hiyo gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya ile ya krankishafti. Chukua gia ya kamshafti yenye meno 60. Ukiiruka kwa jino moja tu, kamshafti imekosea digrii 6, na kwa krankishafti hizo ni digrii 12. Kwenye dizeli, pistoni ikifika juu hupishana na valvu kwa nafasi ndogo mno, kwa hiyo kosa la aina hiyo linaweza kukupindishia valvu.

Linalowachanganya wageni zaidi ni gia ya katikati, ile inayounganisha gia ya krankishafti na ya kamshafti. Umepanga alama zote vizuri, umezungusha krankishafti mara mbili kuhakiki, halafu alama za gia ya katikati hazipo tena pale ulipozipanga. Usifungue! Tuseme krankishafti ina meno 30, kamshafti 60, na gia ya katikati 47. Alama zote hazitakutana tena mpaka krankishafti izunguke mara 94. Hakuna kilichoruka. Ukishapanga, piga picha kabla hujagusa chochote, maana kesho utabishana na macho yako mwenyewe.

Sasa hakiki. Rudisha pushi rodi (fimbo zinazosukumwa na kamshafti) na roka (mikono inayokandamiza valvu), rekebisha uwazi kati ya roka na valvu, kisha zungusha kwa spana kwenye bolti ya puli, kuelekea upande injini inakozunguka. Kwa injini ya silinda nne, pistoni ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, tazama roka za silinda ya nne: valvu ya moshi inamalizia kufunga, ya hewa ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Tikisa spana kidogo mbele na nyuma. Roka moja ishuke huku nyingine ikipanda. Ukiona hivyo, kamshafti iko mahali pake. Spana ikigoma ghafla, acha hapo hapo, usiongeze bomba la kurefusha mkono.

Alama ya kwenye puli nayo usiiamini moja kwa moja. Puli nyingi zina mpira katikati, na mpira ukichoka duara la nje huteleza likahama na alama yake. Tafuta topu, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa, kwa kupima pistoni yenyewe, hasa hedi ikiwa bado haijafungwa.

Mwisho ni pampu ya dizeli. Kila pistoni hufika topu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi, na pampu inataka topu ya mgandamizo. Ukiifunga kwenye ile nyingine, nozeli (zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda) zitaimwaga wakati valvu ya moshi inakaribia kufunga. Injini itazunguka na stata bila kuwaka, hata kama kamshafti umeipanga bila kasoro.