Kabla hujabishana pumba au majani, kaangalie mavi ya ng'ombe wako

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye unenepeshaji wa ng'ombe, swali naloulizwa kuliko yote ni hili, ati kaka nyama ya ng'ombe wa majani na nyama ya ng'ombe wa pumba ipi bora, na anayeuliza hana hata ndama, ana video tu za Wamarekani kajaza kwenye simu. Mi huu mwaka wa saba niko kwenye hii kazi huku Shinyanga, nawaambia nilichokiona zizini.

Kwanza huo ugomvi wa kwenye video ni wa Marekani. Kule ng'ombe wengi wa nyama wanaanza maisha kwenye majani na mama zao kama hawa wetu, halafu miezi minne mpaka sita ya mwisho ndo wanaingizwa kwenye mazizi makubwa ya kina Texas, Kansas na Nebraska wanapigwa mahindi, wakifika kama mwaka na nusu wanachinjwa. Yule wa majani mwanzo mwisho anachelewa, anafika miaka miwili na zaidi, ndo maana nyama yake ghali. Na hilo neno "wa majani" lenyewe lina utata, wizara yao ya kilimo ilikuwa na viwango vya kulitumia, 2016 ikavifuta, kwa hiyo msitishwe na lebo. Sasa anayepinga mahindi anasema mnampa ng'ombe chakula cha binadamu, na kwa kule ana hoja. Ila huku kwetu nani anamwaga mahindi mazima kwenye hori? Tunalisha pumba, mashudu ya pamba, mashudu ya alizeti, maganda ya mbegu za pamba, molasesi, vitu ambavyo wewe mwenyewe huli. Hiyo hoja ukiileta Kishapu watu watakuangalia tu.

Halafu angalia kalenda. Huku mvua zikikata mwezi wa tano majani yanakauka, kufika wa nane ng'ombe anatembea kutwa nzima anarudi na tumbo tupu, anapungua badala ya kuongezeka. Na kipindi hicho hicho pamba imevunwa, viwanda vinakamua mafuta, mashudu na maganda yapo. Yaani chakula cha zizini kinafika pale pale cha porini kinapoisha. Kwa hiyo swali siyo majani au pumba, ng'ombe wako kakulia majani miaka minne huko kwa mfugaji, we unamkuta mwishoni, unamtia siku 90 tu za chakula kizuri. Hizo siku 90 ndo kazi yako yote.

Sasa kosa langu. Mwaka wa kwanza nilinunua maksai kumi na mbili mnadani, wamekondeana mbavu zinahesabika, nikajisemea hawa wana njaa wacha wale. Siku ya kwanza tu nikajaza hori pumba na mashudu, nyasi kavu nikaweka kidogo sana pembeni, niliona ni kupoteza nafasi ya tumbo. Siku ya tatu asubuhi maksai mmoja mwekundu kasimama peke yake, ubavu wa kushoto umetuna ukigonga unalia kama ngoma, hacheui, anasaga meno, na nyuma yake mavi kama uji wa kijivu una povu. Mpaka daktari wa mifugo anafika kashakufa. Wengine wawili niliwauza hasara wiki hiyo hiyo.

Daktari akanielewesha kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla sijatoa hela. Tumbo kubwa la ng'ombe lina vijidudu vyake, vimezoea nyasi, ukivishushia wanga mwingi ghafla vinatengeneza asidi, tumbo linachacha, mnyama anajifia ndani kwa ndani. Kwa hiyo wiki mbili mpaka tatu za mwanzo ni za kumzoesha, anza nyasi kavu nyingi na pumba kidogo, ongeza kidogo kila baada ya siku tatu nne, na hata mwishoni kabisa usimwondolee nyasi kavu au mabua, lazima acheue. Kila asubuhi kabla sijanywa chai mi napita naangalia mavi. Yakikaa kama chapati nene sawa, yakiwa majimaji ya kijivu yana povu au punje za chakula unaziona nzima nzima, punguza pumba siku hiyo hiyo, usisubiri ushauri wa mtu.

Urea, ile ile ya mbolea, mtasikia watu wanaisifia sana, inachanganywa na molasesi, ni rahisi. Mwaka wa kwanza achana nayo kabisa. Ikizidi au isipochanganyika vizuri inaua, na mvua ikinyesha kwenye hori akanywa yale maji ndo basi tena. Na mashudu ya pamba msiwape ndama wala nguruwe wala kuku, yana sumu ambayo ng'ombe mkubwa anaihimili, hao wengine hapana.

Hesabu sasa, maana hapa ndo wengi mnalala. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 200 anakula chakula kikavu kilo tano mpaka sita kwa siku. Zizini akikuongezea gramu 700 kwa siku umefanya vizuri, siku 90 ni kilo 63, na atakuwa amekula karibu nusu tani. Maana yake kila kilo moja ya uzito inakugharimu kama kilo nane za chakula, na ule uzito ni wa mzima, akichinjwa ni kama nusu ndo nyama na mifupa yake. Weka bei ya kwenu hapo uone kama inalipa, ikikataa usilazimishe, subiri mvua mwache ale majani ambayo hayana bei.

Hapo ndo wanaotetea majani wana haki yao. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili, eneo la nyasi linafungwa masika, haliguswi mpaka kiangazi kikali. Mwenye ngitili nzuri simwambii ajenge zizi.

Kuhusu nyama yenyewe, ya majani ina mafuta ya njano kwa sababu ya rangi iliyomo kwenye majani mabichi, siyo ugonjwa, ingawa kuna wateja buchani wataikataa. Ina omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwa afya, zaidi kidogo, kweli, ila ukitaka omega-3 kula dagaa. Ulaini unatokana zaidi na umri.

Mnadani chagua dume mwenye mifupa mikubwa aliyekonda kwa njaa, siyo kwa ugonjwa, fungua mdomo uangalie meno ujue umri, ukifika nyumbani dawa ya minyoo na kuogesha kupe kwanza. Halafu nunua tepu ya kupimia kifua, ile ya kukadiria uzito, pima kila wiki mbili, asubuhi, kabla hajanywa maji. Tepu ikikataa kusogea vipimo viwili mfululizo na mnyama ni mzima, muuze, hata kama siku 90 hazijafika.