Barua za Muziki: Nichague udi au gitaa?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Udi kanifunza babu yangu. Gitaa la umeme nimelijulia kazini, hotelini Nungwi, ambako usiku tunawapigia wageni. Mgeni mmoja alinitilia kwenye simu albamu ya jukwaani ya David Lindley wa Marekani, *El Rayo Live* ya mwaka 1983, akanambia huyu bwana alikuwa anapiga kila chenye nyuzi. Tangu hapo silali. Lakini kiongozi wa kikundi chetu cha taarab anasema mshika mawili moja humponyoka, nichague. Na wenzangu wananicheka, wanasema albamu yenye makelele ya watu si kazi iliyokamilika. Nifanyeje? — Mpiga udi, Wete

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nikaenda kuifungua fidla yangu.

Hao wenzako nawajibu kwanza. Siku moja pale Ngome Kongwe, katikati ya wimbo, uzi wangu mwembamba ulikatika. Bibi mmoja alikuwa ameshainuka na noti zake kuja kutunza, mwimbaji akawa anarejea ubeti ule ule kumngoja, na mimi nnatakiwa nijaze nafasi. Nikashuka kwenye uzi wa pili, nikaupandisha mkono juu ya shingo kutafuta sauti zile zile. Mpigaji wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, peke yake ndiye aliyegeuka kunitazama. Studio ningesimama, nikafunga uzi mpya, tukaanza upya, na wewe msikilizaji usingejua kitu. Jukwaani huna pa kujificha. Kwa hiyo ukitaka kujua mkono wa mpigaji ukoje, mtafute mbele ya watu, na hayo makelele ndiyo yaliyomfanya apige vile.

Lindley ana mengine ya jukwaani uyatafute. Mwaka 1977 alikuwa safarini na Jackson Browne, mwimbaji wa Marekani, ikatoka albamu *Running on Empty*. Nyimbo zake nyingine zilirikodiwa jukwaani, nyingine ndani ya vyumba vya hoteli, na nyingine ndani ya basi lenyewe. Albamu ni ya Browne, jina ni la Browne. Lakini sikiliza gitaa la Lindley, lile linalolazwa mapajani na kutelezeshwa chuma juu ya nyuzi. Mwimbaji akiwa na neno, gitaa halisemi. Neno likisha, linaingia na kulia kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. Mimi hapo nasikia fidla ya taarab inavyomjibu mwimbaji baina ya mshororo na mshororo. Halafu itafute ile ya Tokyo ya mwaka 1994, yuko na Hani Naser, mwenye asili ya Jordan, kwenye ngoma. Ngoma yenyewe ni nduguye dumbak letu. Ukiwa Mpemba uliyelelewa na udi, hapo utajiona uko nyumbani.

Sasa udi na gitaa. Kitu ambacho pengine hujakitambua ni hiki: shingo ya udi haina vyuma, vile vipande vinavyoikata shingo ya gitaa na kugawa sauti. Kidole chako hakikatiwi sauti na mtu, sikio ndilo linaloamua kisimame wapi, ndiyo maana unaweza kupiga bayati, ile makamu ya Kiarabu, ikasikika bayati, na ile robo ya sauti yake ndani. Gitaa la hoteli lina vyuma, robo hiyo huipati, utaikosa kwa juu au kwa chini. Lakini gitaa la mapajani vyuma vyake havina kazi, kwani chuma cha mkononi kinapita juu tu, uzi haugusi shingo. Limerudi kuwa kama udi! Kwa hiyo miaka uliyokaa na babu haikuwa ya udi peke yake, alikuwa anakufunza sikio. Jaribu: chukua gitaa la zamani, weka kipande cha mti mgumu pale nyuzi zinapoanzia juu ya shingo ili zinyanyuke, lilaze mapajani, utelezeshe chupa ndogo ya kioo ya dawa. Usione haya kwa gitaa la rahisi, Lindley mwenyewe aliyapenda sana magitaa ya bei ndogo ambayo wengine waliyadharau. Mimi wakati nyuzi hazipatikani nimewahi kumfungia rafiki yangu udi kwa mshipi wa kuvulia, na harusi tukaimaliza.

Kuhusu kiongozi wako, simkatai wote. Ana haki juu ya kikundi chake: usimpandie jukwaani na ala usiyoiweza. Hata Lindley, kabla dunia haijamjua kwa ala chungu nzima, alishinda mashindano ya banjo na fidla ya Topanga Canyon, California, mara tano, na banjo ndiyo iliyompa sifa hiyo. Ala moja iliiva, nyengine zikafuata. Na mwaka 1991 alipokwenda Madagascar na Henry Kaiser, mpiga gitaa mwenzake wa Marekani, kurikodi na wapigaji wa huko, alikwenda kupiga nao, akawafuata. Bahari hii hii yetu.

Ila hilo la kuchagua, hapana, silikubali. Mwambie kwa adabu, ukiwa umekaa chini na si mmesimama, kwamba Ikhwani Safaa, kikundi kikongwe cha taarab cha Unguja, ilianzishwa mwaka 1905, na tangu enzi hizo taarab yetu imepokea fidla, akodiani, selo na gitaa, na kila moja ilikuwa ngeni siku ya kwanza. Udi ushike mpaka uweze kupiga bashraf nzima, ule muziki wa ala tupu usio na mwimbaji, mwanzo hadi mwisho bila kumtazama mtu. Hapo ndipo umuombe nafasi ya gitaa katika wimbo mmoja tu.

Ukivuka kuja mjini, niulizie Mkunazini. Njoo na udi. Gitaa pia lete, ila siku ya kwanza litakaa ndani ya mkoba wake.