Kuvu ndani ya lenzi

SWALI: Napenda kupiga picha za ndege ufukweni. Juzi nilimulika lenzi yangu kwa tochi, nikaona nyuzi nyeupe mithili ya utando wa buibui ndani ya kioo. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Hiyo ni kuvu, ambayo hustawi penye unyevu na giza, hasa kamera inaposhinda mkobani wiki nzima, na ikiachwa hukwangua kioo hata alama zisifutike tena. Usiifungue lenzi mwenyewe, mpelekee fundi wa kamera mapema. Kisha ihifadhi katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na punje za silika zinazofyonza unyevu na kubadilika rangi zikishajaa maji. Mchele, ambao wengi huupendekeza badala ya silika, huacha vumbi. Kwa kweli sikushauri kuutumia.